Seli zinaambianaje? Majibu ya maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita nilitaja kwa sentensi moja tu kwamba kila seli hai ina chaji ya umeme kwenye utando wake, basi maswali yamemiminika, mengine marefu kweli kweli na mengine ya mstari mmoja. Nimechagua machache, nimeyafupisha bila kubadilisha maana. Pale penye utamu nitakaa, kwingine nitapita haraka.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Huo umeme wa mwilini unatoka wapi jamani? Mbona ndani hakuna betri wala waya, na kama kweli upo mbona tukishikana mikono hatupigwi shoti? (Mpenda fizikia)

Marahaba. Betri ipo, tena kila seli ina yake, ila imetengenezwa kwa chumvi. Sodiamu na potasiamu zikiwa ndani ya maji zinakuwa ioni, yaani chembe zenye chaji, na seli inazitenganisha kwa nguvu: sodiamu nyingi inawekwa nje, potasiamu nyingi inabaki ndani. Kazi hiyo inafanywa na pampu ya protini iliyochomekwa kwenye utando. Kila ikizunguka mara moja inatupa nje sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, na malipo yake ni molekyuli moja ya ATP, ile kemikali inayobeba nishati ya seli. Aliyeigundua ni Jens Christian Skou wa Denmark, mwaka 1957, akitumia neva za miguu ya kaa, na Nobeli ya kemia alikuja kupewa 1997, miaka 40 baadaye.

Sasa kwenye utando huo huo kuna vitundu vinavyoruhusu potasiamu ivuje kidogo kidogo kwenda nje, na kila ioni ya potasiamu inayotoka inaondoka na chaji chanya, kwa hiyo ndani panabaki hasi. Kwenye neva iliyotulia tofauti inafika kama milivolti 70. Najua utasema milivolti 70 ni kitu gani, hata taa ndogo haiwaki. Lakini angalia unene wa utando wenyewe, nanomita 7 hivi. Hizo milivolti zikibanwa kwenye ukuta mwembamba namna hiyo zinakuwa sawa na volti milioni 10 kwa kila mita, na hewa ya kawaida inashindwa kuvumilia na kutoa cheche ikifika kama volti milioni 3 kwa mita. Yaani hapo ulipo unasoma, utando wa kila neva yako umebeba msukumo mara tatu ya ule unaopasua hewa, na umetulia tu kana kwamba hakuna kitu! Nimefundisha hili miaka mingi na bado linanisisimua.

Hatupigani shoti kwa sababu nguvu yote hiyo imeishia kwenye unene wa utando. Ukisogea nje kidogo tu kuna maji yenye chumvi pande zote na chaji zinafutana, kinachofika kwenye ngozi ni mabaki, kama milivolti 1 kutoka kwenye moyo, na hayo mabaki ndo yanayosomwa na mashine ya ECG ukibandikwa vile vinasa kifuani.

Hiyo ni betri ikiwa imekaa kimya. Ujumbe unapita hivi: utando wa neva una milango ya sodiamu ambayo inafunguka yenyewe chaji ikipanda kutoka hasi 70 mpaka kama hasi 55. Ikifunguka, sodiamu iliyokuwa inasubiri nje inaingia kwa kishindo, ndani panageuka kuwa chanya mpaka milivolti 40 hivi, halafu milango inajifunga, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka na chaji inashuka tena, na yote hayo yanaisha ndani ya milisekunde 1 au zaidi kidogo. Sehemu ya jirani inahisi chaji imepanda, nayo inafungua milango yake, inaamsha inayofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho wa neva. Ni kama moto kwenye nyasi kavu, kila unyasi unawaka kwa mafuta yake wenyewe, ndo maana moto unafika mwisho wa shamba ukiwa na ukali ule ule ulioanza nao, na haurudi nyuma kwa sababu nyuma pameshaungua. Waya hauko hivyo, kwenye waya umeme unasukumwa kutoka upande mmoja na kadiri njia inavyokuwa ndefu ndivyo unavyopungua.

Waliotuonyesha haya ni Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley. Walitumia ngisi, kwa sababu ngisi ana neva moja nene ajabu, inaweza kufika karibu milimita 1, unaweza kuchomeka kinasa cha umeme ndani yake kabisa. Mwaka 1952 walitoa milinganyo inayoeleza jinsi kila mlango unavyofunguka na kufungwa, na hesabu zake Huxley alizipiga kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Walipata Nobeli 1963, na milinganyo ile bado inatumika mpaka leo.

SWALI: Nikijigonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda nasikia kwanza nimegonga kitu, halafu kuna kama kaukimya, HALAFU ndo maumivu yanakuja. Ni akili yangu au ni kweli? (Aliyejigonga jana)

Pole, na ni kweli kabisa. Neva za mguso na neva za maumivu ni nyuzi tofauti na mwendo wao haufanani hata kidogo. Uzi wa mguso ni mnene na umeviringishwa mafuta yanayoitwa mayelini, umeme unaruka kutoka kwenye pengo moja la mafuta hadi jingine, unakwenda kama mita 50 kwa sekunde. Kutoka kidoleni mpaka uti wa mgongo kwa mtu mzima ni kama mita 1, kwa hiyo habari ya kugonga inafika ndani ya sehemu ya hamsini ya sekunde. Maumivu yenyewe yana nyuzi za aina mbili. Nyuzi zenye mafuta kidogo zinaleta ule uchungu mkali wa kuchoma, nazo hazichelewi sana. Nyuzi nyembamba zisizo na mafuta kabisa zinatembea mita 1 tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu, hizi ndo zinaleta yale maumivu mazito yanayopwita, na zinachukua sekunde nzima kufika. Kaukimya unakosikia ni huo muda wa safari.

Na ile tabia ya kila mtu kukishika kidole na kukisugua ina maana yake. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa hoja kwamba ndani ya uti wa mgongo ishara za mguso zinaweza kubana mlango wa ishara za maumivu. Mambo mengi ya undani yamerekebishwa tangu wakati huo, ila msingi umebaki: ukisugua unazijaza zile nyuzi nene kazi, na seli za uti wa mgongo zinapunguza maumivu yanayopandishwa juu.

SWALI: Mwl kama neva tayari ina umeme wa kasi hivyo kwa nini inapofika mwisho inabadilisha iwe kemikali? si ingerusha tu umeme moja kwa moja kwenye seli inayofuata, naona kama ni kujichelewesha (Mwanafunzi wa bailojia)

Swali zuri sana hili, na watu wazima wenye shahada waligombana juu yake kwa miaka. Kundi moja lilisema cheche inaruka, jingine likasema kuna kemikali inamwagwa.

Otto Loewi, akiwa Austria, alisimulia mwenyewe kwamba jaribio la kumaliza ubishi alilipata usingizini, akaamka akaandika kwenye karatasi, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, safari hii hakulala tena, akaenda maabara saa ile ile ya usiku wa manane. Alichukua mioyo miwili ya vyura, yote bado inapiga ndani ya maji ya chumvi. Moyo wa kwanza aliuacha na neva yake ya vagasi, akaishtua neva kwa umeme, moyo ukapunguza mwendo. Mpaka hapo hakuna jipya. Halafu akachota yale maji yaliyouzunguka moyo wa kwanza akayaweka kwenye moyo wa pili ambao haukuwa na neva yoyote, na ule wa pili nao ukapunguza mwendo. Hakuna waya uliounganisha mioyo ile, kulikuwa na maji tu, kwa hiyo kitu kilichobeba amri kilikuwa ndani ya maji! Ilikuwa 1921. Kitu hicho baadaye kilithibitika kuwa asetilikolini, na Loewi na Henry Dale wakapewa Nobeli pamoja 1936.

Sasa jinsi inavyokwenda mwishoni mwa neva. Umeme ukifika pale unafungua milango ya kalsiamu, kalsiamu inaingia, inavisukuma vifuko vidogo vilivyojaa kemikali vishikane na utando na kumwaga vilivyobeba. Pengo la kuvuka linaitwa sinapsi, kwenye ubongo ni nanomita 20 hivi, na uchelewaji unaoulalamikia ni kama nusu milisekunde. Upande wa pili kuna vipokezi vinasubiri, yaani protini za kuishika kemikali hiyo.

Na hapo ndo kuna jambo ambalo naona vitabu vya shule vinalipita haraka mno. Asetilikolini ile ile iliyopunguza moyo wa chura, ukiimwaga kwenye misuli ya mkono inakunja misuli. Kemikali moja, sehemu moja inasema tulia na nyingine inasema kaza. Kwa nini? Kwa sababu kipokezi cha misuli ni mlango chenyewe, kikishikwa kinafunguka, sodiamu inaingia, chaji inapanda. Kipokezi cha moyo hakina mlango wowote, kikishikwa kinaamsha protini iliyo upande wa ndani, hiyo inaenda kufungua milango ya potasiamu, potasiamu inatoka, chaji inazidi kushuka, moyo unapoa. Kwa hiyo ukiuliza asetilikolini maana yake nini huwezi kujibiwa mpaka useme imepokelewa na nani. Maana iko kwa mpokeaji. Watu wanapenda kuandika kemikali hii ni ya furaha, ile ni ya upendo, mimi hayo maandishi siyapendi kabisa, yanamfanya msomaji adhani ujumbe umeandikwa ndani ya molekyuli.

Ndo jibu la swali lako hilo. Umeme ukiruka moja kwa moja seli ya pili inaweza tu kurudia kile ilichosikia. Kemikali inaruhusu seli ya pili ikatae, au ikusanye sauti za maelfu ya wenzake, zingine za ndiyo zingine za hapana, ndipo iamue kufyatua au kunyamaza. Bila uwezo wa kusema hapana ubongo ungekuwa degedege tupu. Ila kule ambako seli zote zinatakiwa zikubaliane kwa haraka, umeme unapita moja kwa moja kweli. Seli za misuli ya moyo zimetobolewa vijitundu vinavyoziunganisha, ioni zinapita kutoka seli hadi seli, na moyo mzima unajikunja kwa mpangilio kama seli moja kubwa.

SWALI: Mjomba wangu alinyunyizia dawa ya kuua wadudu bila kujifunika, jioni akaanza kutoka mate, jasho jingi, macho yakawa na mboni ndogo kama ncha ya sindano, misuli inacheza cheza. Hospitali wakasema ni neva. Dawa ya wadudu na neva wapi na wapi? (Mpwa)

Nashukuru mlimfikisha hospitali. Hapo juu nimeeleza kemikali inavyomwagwa, sikusema inavyofutwa, na kuifuta ni muhimu sawa na kuimwaga. Kwenye sinapsi za asetilikolini kuna enzaimu inayoikata kata mara tu ikishafanya kazi, na ni kati ya enzaimu zenye kasi kubwa zinazojulikana, moja inakata maelfu ya molekyuli kwa sekunde. Dawa nyingi za wadudu za kundi la oganofosfeti zinaibana enzaimu hiyo isifanye kazi. Mdudu anakufa kwa sababu amri zake hazifutiki, na mtu akiivuta au ikipenya kwenye ngozi yanampata yale yale: tezi za mate na jasho zinaambiwa toa, toa, toa, mboni inaambiwa jikunje, misuli inatikisika mpaka inachoka na kulegea, na hatari kubwa ni misuli ya kupumua na mapafu kujaa majimaji.

Daktari anatoa atropini, nayo inakaa kwenye vipokezi vya tezi, mapafu na moyo ili asetilikolini ikose pa kushika. Haigusi vipokezi vya misuli ya mkono na mguu kwa sababu ni vya aina nyingine, ndo maana mgonjwa mate yanaweza kukauka na misuli bado ikawa haina nguvu, usishangae ukiona hivyo. Yakitokea tena mvue nguo zote, muoshe kwa maji mengi na sabuni, wewe mwenyewe vaa glavu, na mkimbize hospitali bila kusubiri jioni.

SWALI: Mwanangu ana miaka 9 anachoma insulini kila siku kwa ajili ya kisukari. Baba mkwe naye ana kisukari lakini anameza vidonge tu. Nimechoka kumwona mtoto anachomwa, kwa nini na yeye asipewe vidonge? (Mama wa watoto watatu)

Mama, pole sana, na nakujibu kwa uangalifu kwa sababu jibu lina uzito.

Ndani ya kongosho kuna seli zinazoitwa beta, na seli hizi, watu wengi hawajui, ni seli za umeme kama neva. Ukishakula, glukosi inaingia ndani ya seli beta na kuchomwa, ATP inaongezeka. Kuna mlango wa potasiamu unaojifunga ATP ikiwa nyingi. Potasiamu ikikosa kutoka chaji inapanda, milango ya kalsiamu inafunguka, kalsiamu inaingia, na vifuko vya insulini vinamwagwa kwenye damu. Yaani sukari imegeuzwa umeme, umeme ukageuzwa homoni. Insulini inasafiri mpaka kwenye misuli na mafuta, inashika kipokezi chake kwa nje, mkia wa kipokezi upande wa ndani unaanza kubandika fosfeti kwenye protini za jirani, habari inapokezanwa, mwisho wake vifuko vyenye milango ya glukosi vinapanda kwenye utando na sukari inaingia ndani.

Vidonge kama glibenklamaidi vinaufunga ule mlango wa potasiamu kwa nguvu, hata bila ATP kuongezeka, kwa hiyo seli beta inadanganywa imwage insulini. Kama baba mkwe anatumia aina hiyo, vinamfaa kwa sababu seli beta bado anazo. (Metformini ni njia nyingine, hiyo inashughulika zaidi na ini.) Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili wake mwenyewe imeziua seli beta. Mlango wa kufungwa haupo tena. Na insulini yenyewe ni protini, ukiimeza tumbo linaisaga kama protini nyingine yoyote, ndo maana ni lazima ichomwe. Tafadhali usimpunguzie wala kumwachisha hata siku moja.

Kuna kundi dogo la watoto ambao hali ni tofauti, na nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi mlango mmoja unavyoweza kubeba maisha ya mtu. Watoto waliopata kisukari kabla ya miezi 6 mara nyingi tatizo lao ni jeni. Baadhi wana mlango ule wa potasiamu uliokataa kufunga, seli beta zipo na insulini imejaa ndani, ila amri ya kumwaga haiji. Wengi wa hao wakipewa vidonge vya kufunga mlango wameacha sindano kabisa. Kwa hiyo kama wako aligunduliwa akiwa mchanga wa chini ya miezi 6, muulize daktari kuhusu kipimo cha jeni. Kama alianza akiwa mkubwa, sindano ndo dawa yake.

SWALI: Mwalimu wetu alisema kuna "mjumbe wa pili" ndani ya seli. Wa kwanza alishindwa nini? (Kidato cha mwisho)

Wa kwanza haruhusiwi kuingia. Adrenalini inapenda maji, utando ni mafuta, kwa hiyo inaishia mlangoni na kugusa kipokezi tu. Kipokezi kinaamsha protini iitwayo protini G upande wa ndani, protini G inaamsha enzaimu, enzaimu inaanza kutengeneza molekyuli ndogo inayoitwa cAMP, hiyo ndo mjumbe wa pili, inasambaa ndani na kuamsha enzaimu zingine mpaka ini linavunja akiba yake na kumwaga glukosi kwenye damu. Kila hatua inaongeza sauti: kipokezi kimoja kinaamsha protini G kadhaa, kila enzaimu inatengeneza cAMP nyingi, kwa hiyo adrenalini kidogo sana inatikisa ini zima. Earl Sutherland wa Marekani aliyeigundua cAMP alipata Nobeli 1971. (Homoni zenye asili ya mafuta kama kotisoli hazihitaji mjumbe, zinapenya mpaka ndani na kugusa jeni, ila matokeo yake yanachukua masaa.)

Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hili angalia kipindupindu. Bakteria wa kipindupindu hawaingii ndani ya seli za utumbo, wanakaa juu na kutuma sumu. Sumu inaingia na kubadilisha protini G moja ili ishindwe kujizima. Kwa kawaida protini G ina saa yake, ikishafanya kazi muda mfupi inajizima, sasa imekwama kwenye washa. cAMP inajaa, milango ya kloridi inabaki wazi, kloridi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu inaifuata, maji yanafuata chumvi, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza mpaka lita 1 ya maji kwa saa. Utumbo haujachanika wala haujaoza, ni swichi moja imekwama!

Na uponyaji wake nao ni wa milango. Kwenye utumbo ule ule kuna protini nyingine inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na hiyo sumu haiigusi. Kwa hiyo ukimnywesha mgonjwa maji yenye chumvi na glukosi kwa kipimo sahihi, sodiamu inaingia na maji yanaifuata ndani. Ile pakiti ya ORS kwa kipimo cha WHO na UNICEF tangu 2002 ina milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa lita, na usawa huo umewekwa makusudi. Ukiweka sukari nyingi kuliko inavyotakiwa maji yanarudi kuvutwa kwenye utumbo na kuharisha kunazidi, tafadhali pima vizuri.

SWALI: Kifauongo ukikigusa kinajikunja. Kina neva? (Mtoto wa miaka 11, ameandikiwa na dada yake)

Hakina neva, mdogo wangu, lakini umeme kinao. Ukigusa jani chaji inapanda na kusafiri kwenye kijiti kwa sentimita chache tu kwa sekunde, ikifika kwenye kile kivimbe cha chini ya jani seli za upande mmoja zinamwaga potasiamu, maji yanatoka nayo, upande huo unalegea na jani linalala. Mmea unaokamata wadudu uliopimwa umeme mwaka 1873 na John Burdon-Sanderson una ujanja zaidi, nywele zake zikiguswa mara moja haufungi, unasubiri mguso wa pili ndani ya sekunde 20 hivi ili usihangaike na tone la mvua. Mwombe dada akusaidie kuangalia kifauongo kwa makini, kigusie kijani kimoja cha nchani kabisa taratibu, utaona vinafunga kwa zamu kuelekea ndani.

SWALI: Nilichomwa ganzi nitolewe jino. Daktari anavuta nasikia kabisa anavuta, lakini siumii. Mara ya pili jino lenye usaha, ganzi ile ile haikushika vizuri, niliumia sana. Alinipunja dawa? (Mwenye mapengo mawili)

Pole kwa hilo la pili. Sidhani ulipunjwa. Dawa ya ganzi kama lidokeini inaziba ile milango ya sodiamu niliyoieleza kwenye swali la kwanza, na ikizibwa umeme hauendi mbele. Nyuzi nyembamba za maumivu zinazimika mapema, zile nene za mguso na mgandamizo zinahitaji dawa zaidi, ndo maana ulisikia kuvutwa bila kuumia.

Kuhusu usaha, lidokeini inauziba mlango kutokea upande wa ndani wa seli, kwa hiyo lazima kwanza ipenye utando wa mafuta, na inapenya ikiwa haina chaji tu. Penye usaha pana asidi, na kwenye asidi molekyuli nyingi za lidokeini zinabeba chaji, zinabaki nje ya utando zikielea. Dawa ipo pale pale na kipimo chake kamili, ila haiingii. Safari nyingine mwambie mapema daktari wa meno kwamba pana usaha na kwamba ganzi ilishawahi kukataa, anaweza kuchoma mbali na jino, kwenye shina la neva ambako hakuna asidi, au akausafisha usaha kwanza ndipo jino litolewe.